Kifo Kitamu cha Bwana Ngome

Harufu ndiyo iliyotangulia. Asubuhi moja Fundi Sauti alifungua chumba chake cha kurekodia, taa hajawasha bado, akapokewa na harufu ya saruji mbichi, kama kwamba mtu kamwaga zege dakika hiyo hiyo. Akapapasa zulia. Lilikuwa kavu. Ukutani kulikuwa na magodoro yaliyokataliwa na wateja wa duka la chini, yamepigiliwa toka juu hadi sakafuni ili sauti za nje zisiingie, nayo yalikuwa makavu vilevile. Mtaa mzima hakukuwa na jengo lililokuwa likijengwa. Akafungua dirisha, akakaa kazini. Mtu mwenye kazi nyingi hana muda wa kubishana na harufu.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza sauti za gemu. Alivunja kabichi zikawa mifupa, alikung'uta koti la ngozi likawa mbawa za popo, na mara moja alimrekodi Bosi akinywa uji wa moto, sauti ile ikawa zimwi la mtoni. Bosi hajaambiwa mpaka leo. Fundi Sauti alikuwa na desturi moja ya ufundi wake: hakutupa sauti. Kinasa sauti chake kidogo kilikaa kwenye mkoba kikiwa kimewashwa, sokoni, kwenye foleni, hata msibani, kwa sababu huwezi kujua lini utahitaji mlio wa kiti cha plastiki.

Gemu waliyokuwa wakiimalizia ilikuwa ya kijana ambaye kijiji chake kilifukiwa na mtawala mmoja katili, Bwana Ngome. Mchezaji ndiye anakuwa kijana huyo. Anajifunza silaha, anazika marafiki, anavuka nchi nzima na nyundo mgongoni, mpaka anafika mbele ya aliyemdhulumu na kumuua. Watu walioalikwa kuijaribu waliipenda tangu mwanzo, isipokuwa mwisho wake.

"Mtu katembea gemu nzima na hasira yake tumboni," Bosi alisema, miwani ikiwa kipajini. "Akifika, adui anaanguka kama gunia. Wote wanauliza, ndiyo basi? Nipeni kifo ambacho mtu akikisikia atasema, sasa roho yangu imetulia."

"Mimi nimeshamuua mpaka nimemzoea," alidakia mdogo wake Fundi Sauti. Kijana huyu ndiye aliyekuwa mjaribu wa gemu. Kutwa kucha alirudia sehemu ya mwisho kutafuta kasoro, na ofisini walimwita Mnyongaji. "Ni kama kufunga bomba la maji. Sisikii kitu."

Fundi Sauti aligeukia meza yake. Alikuwa nacho kifo. Kilikuwa kwenye droo yake, amekitunza.

Baba yao alikuwa mwashi. Fundi Sauti alipokuwa hajui hata kuhesabu, na mdogo wake angali tumboni, jengo alilokuwa akijenga baba liliporomoka likamfunika. Chini ya kifusi kulisikika mtu akigonga. Mkandarasi, mwenye jengo lake la saruji pungufu, alisimama pale akasikiliza, kisha akasema hakuna mtu humo, ni mabomba tu yanalia. Akaamuru tingatinga lipite lisawazishe kabla wakaguzi hawajafika. Mama yao alikuwa pale. Walinzi walimburuta hadi barabarani. Kesi ilizungushwa mpaka ikachoka, na Mkandarasi akaendelea kujenga.

Uzeeni huyo Mkandarasi akapooza. Fundi Sauti alipopata habari alikwenda hospitali kumtazama akifa. Hakuwa na nia nyingine. Alimkuta ulimi hausogei, mwili hausogei, kimebaki kidole kimoja chenye pete. Akamwinamia akamwambia yeye ni binti wa nani. Macho ya mzee yakatoka. Kidole kikaanza kugonga chuma cha kitanda, ko-ko, kikatulia, ko. Anagonga, anamtazama, anangoja. Fundi Sauti alielewa kwamba anaombwa kitu, akadhani ni msamaha, akakunja mikono. Alimwacha agonge mpaka pumzi ilipokatika. Na tuseme ukweli, siku ile kisasi kilikuwa kitamu. Alirudi nyumbani mwepesi, akala, akalala fofofo, na kinasa sauti mkobani kilikuwa kimenasa kila kitu.

Ndicho alichokitia kwenye gemu. Bwana Ngome akawa anaangukiwa na dari la ngome yake mwenyewe, anabanwa, anagonga chuma cha kiti chake cha enzi, ko-ko, ko, anavuta ile pumzi ya mwisho, na hapo mchezaji anashusha nyundo.

Akaichezea ofisi nzima. Bosi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Hiyo," akasema. "Hiyo hiyo. Msiiguse tena."

Kwenye ngazi, Fundi Sauti alimnong'oneza mdogo wake ile pumzi ni ya nani. Alitegemea kijana ashtuke. Badala yake macho yake yaliwaka.

"Baba sikumwona hata sura," alisema. "Dada, niachie huyu."

Akamuua kutwa nzima, na wenzake walipokwenda kula alibaki akimuua. Jioni dada yake alimkuta angali amekaa palepale.

"Inatosha sasa," akamwambia. "Umeridhika?"

"Karibu. Kila nikimmaliza naona kuna kidogo kimebaki. Sasa narudia kukitafuta hicho kidogo."

Siku zilizofuata harufu ya saruji ilikataa kutoka. Kisha ikawa ile sauti yenyewe. Fundi Sauti aliijua kama anavyojua ngazi za nyumbani kwao: ko-ko, ko, pumzi, kimya. Lakini alipoifungua kwenye kompyuta kuipunguza makali, baada ya pumzi kulikuwa na mlio mwingine wa kugonga. Marehemu alikuwa ameshakata roho na bado anagonga. Akaukata mlio ule, akahifadhi. Kesho yake alipofungua ulikuwa umerudi, na nyuma yake upo wa pili, na spika zilikuwa zimezimwa, waya umechomolewa umelala mezani, naye aliusikia vilevile, nyuma ya godoro la ukutani, karibu na bega lake.

Nyumbani mama yao aliendelea na cherehani yake. Alishona sare za shule sebuleni, akizungukwa na vitambaa vya bluu, na kwa kawaida ulimi wake ulikimbia kuliko sindano. Wiki ile alianza kusimamisha mguu katikati ya mshono, anainua kichwa, anasikiliza.

"Mlango usitiwe komeo mchana," alisema.

"Mama, wezi je?"

"Usitiwe komeo, nimesema."

Kisha kikaja kifua. Uzito ulimshukia ghafla, akabaki kinywa wazi kama samaki, ukamwachia, ukamrudia. Daktari alimpiga picha akasema mapafu ni masafi. Lakini alipokohoa, leso ilibaki na unga wa kijivu. Fundi Sauti aliusugua kati ya vidole. Mtoto wa mwashi haulizi huo ni unga wa nini.

Mchana mmoja alibaki nyumbani kumwangalia, na saa ya chakula akampigia mdogo wake kazini ili aje na dawa ya kikohozi.

"Nakuja, nakuja," kijana alisema, na nyuma yake vitufe vilisikika vikibonyezwa harakaharaka. "Nammalizia huyu mara moja tu."

"Mama hali yake si nzuri."

"Tayari yuko chini ya dari. Anagonga. Subiri."

Kitandani mama aligeuza uso kuelekea mlangoni. Kwenye simu nyundo ilishuka, na papo hapo kifua cha mama kikabonyea, kikabonyea kweli kama mtu kakikanyaga kwa buti, na macho yake yakapanda juu, na kutoka puani mwake vumbi likatoka taratibu likaelea kwenye mwanga wa dirisha, na Fundi Sauti akaiangusha simu akamshika mabega akimwita mama, mama, huku sakafuni ile sauti ndogo ya mdogo wake ikiendelea kusema kwa furaha, nimemmaliza, ngoja nirudie kidogo, ngoja nirudie.

Aliiokota simu.

"Usirudie. Nakusihi kwa maziwa tuliyonyonya, ondoa mikono hapo. Ukimuua yule anakufa mama."

Kisha kijana akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua kama anataniwa. "Dada, umelala kweli wewe?"

"Ondoa mikono."

Akaondoa. Mama akavuta hewa.

Fundi Sauti alimwacha mama na jirani, akaenda ofisini na kanga ya nyumbani. Hakumweleza Bosi habari za vumbi. Alisema tu kwamba sauti ya mwisho ina kasoro na lazima itolewe.

"Itolewe wapi?" Bosi aliuliza. Alikuwa amenunua keki. "Gemu imeshatoka. Nimeiachia asubuhi, nilitaka niwashtukize."

"Irudishe."

"Irudi vipi, watu wanapakua tangu saa tatu. Tutatoa masahihisho baadaye." Akamtazama usoni. "Mbona unalia? Hiyo sauti ndiyo tuliyowaahidi, na hata hawajaifikia."

Kweli, walikuwa hawajaifikia. Gemu ilikuwa ndefu, na hiyo ndiyo nafasi pekee aliyobaki nayo. Huko nje, kwenye vyumba asivyovijua, maelfu ya watu walikuwa wakijifunza silaha na kuzika marafiki, kila mmoja akipanda taratibu kuelekea kwa Bwana Ngome na hasira yake tumboni. Mama alikaa siku kadhaa bila shida, akadai hata cherehani yake, na binti yake alimtazama akitia uzi kwenye sindano huku yeye akihesabu siku, maana alijua kwamba wanakuja.

Wa kwanza alifika siku ambayo kaka na dada walikuwa wote sebuleni, mikono ya kijana ikiwa mitupu juu ya magoti. Mama alikuwa akipiga pasi kola. Akaiweka pasi chini polepole. Kifua kikabonyea. Kijana aliona kwa macho yake, akaona na vumbi likianguka kwenye kitambaa cha bluu, kisha akampeleka mama kitandani.

"Si mimi," alinong'ona. "Dada, mimi sijagusa. Nani kamuua?"

"Yeyote. Mtu yeyote."

Mdogo akaenda mbio ofisini kutengeneza masahihisho, apende Bosi asipende. Dada akamwendea Mzee Friji.

Huyo alitengeneza majokofu mchana na kutoa majini jioni, na vyote viwili alivisikiliza kwa sikio kabla ya kuvishika. Alikuja na mfuko wake wa spana. Hakufukiza kitu, hakusoma kitu. Aliweka sikio kwenye chuma cha kitanda cha mama, akabaki hivyo mpaka shavu likaota alama.

"Analo jini," alisema kwa sauti ya chini, "ila si jini la kumdhuru. Linabisha hodi. Nikilifukuza hapa litaitwa tena, maana huko mnakolitia wanaliita kutwa. Ni la nani?"

Fundi Sauti akaeleza yote: hospitali, kidole chenye pete, mikono aliyoikunja. Aliposema "Mkandarasi", mama alifumbua macho.

"Mkandarasi gani?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa kavu kama karatasi ya msasa. "Huyo ni baba yenu."

Akaweka kiganja kwenye chuma cha kitanda.

"Hodi hii mimi naijua. Alikuwa akirudi kazini anabisha mlango kwa mpini wa mwiko wake, vile anavyogonga tofali likae sawa. Mbili, kimya, moja. Nami jikoni nampigia sufuria mara moja ajue nimesikia. Siku ile chini ya kifusi aligonga hivyohivyo, ili nijue ni yeye. Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jiwe mkononi kabisa, wakanishika." Alipumzika. "Nimemsikia tangu wiki ya kwanza. Nilidhani kaja kunichukua, na mimi niko tayari, ndiyo maana nikasema komeo lisitiwe."

Fundi Sauti alikaa sakafuni. Kidole cha yule mzee hakikuwa kikiomba msamaha. Kilikuwa kikimpa mlio alioubeba kwenye mifupa yake miaka yote ile, ujumbe wa baba kwa binti yake, na binti alikunja mikono, akauchukua, akautia kwenye gemu. Watu wote wale waliokuwa wakishusha nyundo walikuwa wakimsikia baba yake akibisha, na wakimfukia upya.

"Kila mtu ana jini lake, amezaliwa nalo," alisema Mzee Friji. "Mwenyewe akifa huku anaita, jini halijui kama amekufa. Linaendelea kuita. Linamganda aliyesikia akanyamaza. Lilimganda yule mkandarasi, akapigiwa hodi mpaka kaburini. Kisha likaja kwako. Wewe ulisikia, ukanyamaza."

"Sikujua."

"Lenyewe halijui kama hukujua."

"Sasa mbona linambana mama? Mbona lisinibane mimi?"

"Linabisha kwenye mlango liliouzoea. Huyu ndiye mlango." Akafunga mfuko wake. "Anayepaswa kufungua ni wewe."

Wakati huohuo huko nje mmoja alifika kwa Bwana Ngome, na labda wawili, na labda kumi, kwa sababu uzito ulimshukia mama bila kupumzika, ukapanda juu ya uzito mwingine, mbavu zikalia, vumbi likajaa chumba mpaka taa ya dari ikawa nyekundu, na kutoka ndani ya chuma cha kitanda, na ndani ya ukuta, na ndani ya mbao za mlango ambao haukutiwa komeo, ikatoka ko-ko, ko, ko-ko, ko, bila hasira, kwa uvumilivu ule wa mtu anayejua kwamba mkewe yuko jikoni na sasa hivi atasikia, na Fundi Sauti akatafuta kitu cha kugongea asikione, akashika mkasi wa mama wa kukatia vitambaa, akainua mkono, na mkono ukakataa, kwa maana miaka yote aliishi kwa chuki ya yule mzee, na kujibu ilikuwa kukubali kwamba alisimama pale kitandani akafanya alichofanya yule mzee, palepale, vilevile.

Akagonga chuma. Mara moja.

"Baba," alisema, akilia. "Tumekusikia. Tuko hapa. Tumekusikia."

Kugonga kukakoma. Kisha mbao za mlango zikalia kidogo, kama zinavyolia mtu akiuegemea kwa bega, na mlango ukafunguka wenyewe mpaka ukutani. Hakuingia mtu. Harufu ya saruji ikapita katikati ya chumba, ikawa ya jasho na sabuni ya kipande, ikatoka. Mama akavuta hewa, nyingi, akakohoa, leso ikabaki nyeupe. Kisha akalia kwa sauti, kilio cha mjane wa jana, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mdogo mtu alirudi kesho yake mchana, macho mekundu. Masahihisho yalikuwa yametoka. Ile sauti haikuwamo tena. Bwana Ngome sasa alikufa kama gunia, na Bosi alikuwa hasemi naye.

"Ila aliyeipakua akazima intaneti hatayapata," alisema. "Na wapo waliokwisha nakiliana kwenye flashi. Hao siwafikii."

"Na wewe? Unasikia kitu?"

Kijana aligonga meza mara moja kwa kidole, bila kumtazama. "Najibu tangu jana," akasema. "Nilimuua mara nyingi sana, dada."

Fundi Sauti alifungua ukurasa ambako wachezaji huandika maoni yao. Walisifu. Walisema mwisho ule una ladha, walisema hatimaye gemu iliyojua kisasi ni nini. Katikati ya sifa, mmoja aliuliza kwa nini sauti ya kugonga inaendelea hata akizima. Mwingine akauliza vilevile. Akaanza kuwajibu mmoja mmoja: ukisikia, gonga mara moja, mwambie umemsikia. Wengine walimcheka, wengine walishukuru, na wengine hawakujibu kabisa.

Chini kabisa kulikuwa na ujumbe usio na jina, umeandikwa alfajiri ile.

"Kifo bora nilichowahi kucheza. Nimekirudia usiku kucha lakini bado kuna kidogo kimebaki. Nataka kuendelea ila mama amelala chumba cha pili anakohoa, anasema kifua kizito. Akilala vizuri nitamuua tena."

Fundi Sauti aliandika chini yake. Akaandika tena. Kisha akakaa akingoja, mkono juu ya meza, mpaka mama alipomwita kula.